Jina la Shangazi

Kwa miezi tisa mama yake Mpima alimpenda msichana yule bila kujua jina lake.

Si kwamba hakuuliza. Siku ya kwanza mwanawe alipompeleka kwenye duka la miwani, herufi za ukutani zikimchezea machoni kama sisimizi, aliuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?" Kabla msichana hajajibu, mashine ya kusaga lenzi ikaanza kunguruma nyuma ya pazia. Mama akacheka, akasema, "Basi, wewe kwangu ni Binti Miwani." Jina likaganda hapo hapo. Mwanawe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kwa hiyo kila mtu alimwita Mpima, alikuwa ameketi kwenye benchi akijifanya kusoma tangazo la dawa ya macho. Hakusoma hata mstari mmoja. Mara tatu msichana aliinua uso akamkuta anamtazama. Mara ya nne ni yeye msichana aliyeanza kutazama.

Tangu siku hiyo miwani ya mama ikawa haikai sawa. Wiki hii mkono umelegea, wiki ijayo inambana pua.

"Mama, pua yako ina malalamiko mengi," Binti Miwani alimwambia siku moja, akikaza skrubu kwa bisibisi nyembamba kama sindano.

"Si pua yangu," mama akajibu bila kupepesa. "Ni moyo wa huyu mjinga anayenisindikiza."

Ndivyo walivyozoeana watatu hao. Mapenzi ya vijana yalikulia mbele ya macho ya mama, na mama akawa ndiye anayeyapalilia. Kwa hiyo Jumamosi ile alipomwalika msichana nyumbani kwa chai ya alasiri, hapakuwa na aliyekuwa na wasiwasi. Mpima alikuwa amenyoa ndevu mara mbili siku hiyo. Mama alikuwa ametoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vile vya kabatini.

Walipomaliza kikombe cha kwanza, mama alivuta daftari, akavaa miwani yake.

"Kesho nawaandikia kaka zangu," alisema. "Waje tuende kwenu kwa heshima zote. Lakini siwezi kuwaandikia wazee wazima kwamba tunakwenda kumposa Miwani. Nipe jina lako la kuzaliwa."

Wote wakacheka. Binti Miwani akaona haya, akatazama mikono yake, akasema, "Anamika."

Kalamu iliandika herufi mbili, ikasimama.

"Rudia."

"Anamika, Mama. Ni jina la Kihindi, babu zetu walitoka India. Nimelirithi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea."

"Huyo shangazi yako," mama alisema taratibu, "aliwahi kufanya kazi ya kupiga chapa?"

"Ndiyo, kabla hajawa mwalimu. Alikuwa kwenye ofisi ya ramani."

"Ofisi ya ramani?" Mpima akadakia, uso umemchangamka. "Si ndiko alikokuwa baba? Mama, huenda walifahamiana."

Mama alivua miwani, akafunga daftari, akaanza kukusanya vikombe, vingine bado vina chai.

"Unamfahamu shangazi yangu, Mama?" Binti Miwani aliuliza.

"Simfahamu," mama alisema. "Kichwa kinaniuma. Mpeleke mwenzio kwao."

Njia nzima vijana wale walijidanganya. Ni joto, alisema Mpima. Ni ile lenzi mpya, alisema Binti Miwani, macho hayajaizoea. Lakini kwenye kona ya kwao Binti Miwani aliposhikwa mkono, aliuhisi mkono wa kijana umelowa jasho, akajua kwamba hata yeye hayaamini anayoyasema.

*

Siku tatu zikapita kimya. Jumatano saa saba mchana, mwenye duka alipokwenda kula, Mpima aliingia. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kazini. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja mgeni.

"Mama amekubali," alisema.

"Mbona unaniambia kama mtu anayetangaza msiba?"

"Ana sharti moja." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni. "Anataka uchukue jina lingine. Ameandika manne, uchague. Ukiwa na lako mwenyewe unalolipenda, hata hilo sawa."

Binti Miwani alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa laini. Aliendelea kuifuta, ingawa ilikuwa safi tangu zamani.

"Jina langu limemkosea nini?"

"Nimemuuliza mpaka nimechoka. Hasemi. Anasema tu hawezi kuliita nyumbani mwake." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Nisikilize. Mimi nitakuita Miwani maisha yangu yote. Hilo jina lingine litakuwa la mama na wajomba tu. Kitu gani kinapungua?"

"Na kwenye cheti cha ndoa utaandika Miwani?"

"Nitaandika hata Darubini, mradi uwe wangu."

Binti Miwani alicheka, ingawa hakutaka. Kisha kicheko kikamkauka. Alimtazama kijana yule, nyusi zake zilizopauka kwa vumbi na jua, na alivyoishika ile karatasi kwa mikono miwili kana kwamba ni hati ya kiwanja alichokitafuta miaka. Alimpenda. Alimpenda kiasi kwamba alihisi jina likimlegea mwilini, kama pete kwenye kidole cha mgonjwa.

"Niache kwanza nizungumze na shangazi," alisema. "Ni jina lake kabla ya kuwa langu."

"Lini utanijibu?"

"Jumapili."

Mpima alitaka kumshika mkono, mlango ukafunguliwa, mteja akaingia na fremu iliyovunjika. Kijana akatoka kinyumenyume, macho hayambanduki, mpaka akajigonga kwenye kizingiti.

*

Shangazi alikuwa kibarazani, sinia la mchele mapajani, akichambua mawe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyestaafu ualimu na chaki bado ikionekana kama imemkaa vidoleni. Hakuwahi kuolewa, na katika ukoo wao hilo lilikuwa jambo lililozungumzwa akiwa hayupo.

"Somo," alimwita mpwa wake, kama alivyomwita siku zote kwa sababu ya jina lao moja. "Mbona uso umekushuka?"

Binti Miwani alimweleza yote. Alipofika kwenye maneno "marehemu baba yake alikuwa mchoraji wa ramani," vidole vya shangazi vilisimama juu ya mchele.

"Ana kovu hapa?" shangazi aliuliza, akigusa kidevu. "Huyo marehemu."

"Kwenye picha ya ukutani, ndiyo, analo."

Shangazi akaanza kuchambua tena, polepole, punje kwa punje.

"Hujawahi kuniuliza maana ya jina letu."

"Nilikuuliza nikiwa mdogo. Uliniambia nikikua."

"Basi umekua. Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya kule India. Nama ni jina. Ukiweka ile a mbele, umelikana. Anamika ni asiye na jina. Kabla yangu mama yangu alizika watoto wawili, na wote walikuwa na majina mazuri. Nilipozaliwa bibi akasema, huyu aitwe asiye na jina, ili kifo kikija kuita kikose cha kuita."

"Na kilikosa."

"Kilikosa. Bahati nayo ikaja kuita, ikakosa vile vile." Alitabasamu kidogo. "Lakini kuna maana ya pili. Kwenye lugha hiyo hiyo, anamika ni kidole hiki." Akainua mkono wa kushoto, akagusa kidole cha nne. "Kidole cha pete. Vingine vyote wamevipa majina, hiki wakakiita kisicho na jina. Kwa nini, kila mtu ana lake la kusema.

"Yule bwana aliniuliza maana, siku ya kwanza kuniletea kazi ya kupiga chapa. Nikamwambia ile ya kwanza tu. Akanitania, akasema nitakuandikaje barua wewe, bahasha itakwenda wapi? Ya pili sikumwambia. Msichana atamwambiaje mwanaume, jina langu ni kidole cha pete? Ningekuwa nimejiposa mwenyewe. Akaenda akauliza uliza kwa watu mpaka akaijua. Asubuhi moja akaja na uzi wa kupimia ramani, akanishika mkono mbele ya mashine yangu ya chapa, akanipima kidole. Hakusema neno. Na mimi sikusema neno."

"Kisha?"

"Kisha wazee. Wa kwao walisema hawanitaki. Wa kwetu walisema hawamtaki. Ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana." Akachagua kijiwe, akakitupa. "Babu yako alinifungia nyumbani miezi minne. Nilipotoka, yeye alikuwa ameshaoa. Sikumlaumu. Nilisikia alikuwa baba mwema. Kifo chake nilikisoma kwenye gazeti kama watu wengine. Ulipozaliwa wewe nikamwomba baba yako jina hili akupe, nipate kulisikia likiitwa kwa furaha ndani ya nyumba."

Binti Miwani alikuwa analia kimya kimya.

"Usinililie mimi," shangazi alisema. "Nenda ukachukue hilo jina lao jipya. Wewe mtu mzima, unapendwa, mchumba yupo hai na miguu yake miwili. Jina nitabaki nalo mimi, nimelizoea. Kama huyo mama ameudhika kwamba mumewe aliwahi kumpenda mpiga chapa ujanani, mwambie hilo lilikwisha siku alipomwoa yeye."

"Una hakika, shangazi?"

"Mwanangu, mimi nilifungiwa mlango. Wewe unaombwa ubadilishe neno moja. Usifanye upumbavu."

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Binti Miwani alibisha kwa mama yake Mpima. Alikuwa ameshachagua. Jina la tatu kwenye orodha, fupi, rahisi kulitamka.

Mama alifungua, akampisha. Hakuwa amevaa miwani, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimekubali, Mama," msichana alisema hata kabla ya kukaa. "Shangazi ameniruhusu. Niite hili la tatu."

Mama alikaa kwenye kochi, akapangusa kiti cha pembeni kwa kiganja ili msichana akae karibu.

"Una moyo mzuri," alisema. "Ndiyo maana nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Lakini kwanza uniapie. Shangazi yako asilijue. Mwanangu asilijue. Mpaka nife, na hata nikifa."

Binti Miwani aliapa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini aliapa upesi vile.

"Mume wangu hakuwahi kunipiga wala kunitukana," mama alianza. "Hakulala nje hata siku moja. Miaka thelathini na moja. Ukiniuliza kosa lake, sina. Nilijua tu kuna mtu nyuma ya macho yake. Mke hujua. Sikuwa na jina lake, basi nikaishi naye huyo mtu kama unavyoishi na mpangaji asiyepiga kelele.

"Alipougua, kichwa kilimpotea. Siku kumi na moja za mwisho hakunitambua. Nikimwinua kumnywesha maji ananishika mkono, hiki kidole hiki, anakizungusha zungusha, ananiita Anamika, ananiuliza kama nimemaliza kupiga chapa. Siku ya kwanza nilimwambia, si yeye, ni mimi mkeo. Alilia kama mtoto mchanga. Siku ya pili akaita tena. Nikaitika."

Binti Miwani aliziba mdomo kwa mkono.

"Nikasema abee. Siku kumi, mwanangu, niliitika jina la mwanamke mwingine. Nilimlisha kwa jina hilo, nikamwogesha. Alinishukuru kwa jina hilo, akafa. Nilikuwa nimefunga mlango hata dada zangu wasisikie. Mwanangu alikuwa porini na vyombo vyake vya kupimia, alifika siku ya mazishi. Watu walisema, una bahati, mumeo amekufia mikononi. Nikasema ndiyo."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza sakafu ya saruji. Walisikiliza mpaka ukaacha.

"Lakini sitaitwa tena hivyo," msichana alisema. "Hilo la tatu, Mama."

"Nilidhani litatosha. Nimekaa na yale majina siku tatu, nikajaribu kukuita kila moja hapa peke yangu kama mwendawazimu. Halifai hata moja. Hata nikikuita mbuzi, nitakuwa najua. Una mwendo wake, labda, au sauti, mimi sikumwona, nitajuaje? Kila nikikutazama nitamtafuta yeye." Akamshika mkono. "Huna kosa. Mwanangu akikuoa sitamzuia. Nitakuja harusini na kitenge kipya, nitapiga vigelegele kuliko wote. Halafu nitakuwa nakuchukia jikoni kwako, nikiwa nimempakata mwanao. Na mimi sitaki kukuchukia. Nilikupenda mno nilipokuwa sikujui."

Binti Miwani alikuwa amekuja na jina jipya mkononi, tayari kulitoa la zamani, na sasa hapakuwa na wa kulipokea lolote kati ya hayo mawili.

"Mwanao ana wewe tu," alisema mwishowe. "Hana baba, hana ndugu wa tumbo moja."

"Ana mimi tu," mama akakubali.

Waliagana mlangoni. Mama alimkumbatia, akamkumbatia kwa muda mrefu, kama anayemsafirisha mtoto wa kumzaa.

*

Jumapili Mpima alimngoja kwenye benchi la bustani ya maktaba, amevaa shati jeupe. Alipomwona anakuja alisimama, na tabasamu lilikuwa limeshamjaa usoni. Hilo tabasamu ndilo lililokuwa gumu kulipita.

"Lipi umechagua?" aliuliza.

"Sikuchagua."

"Bado unafikiria?"

"Nimeshafikiria. Jina langu siliachi."

Alikuwa amelikariri jibu hilo siku mbili mbele ya kioo cha kujaribia miwani. Aliona namna rangi ilivyomtoka kijana, kuanzia paji la uso kushuka.

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hata kwa ajili yako."

"Nitazungumza na Mama tena. Nitampigia magoti."

"Usimsumbue mama yako," alisema kwa ukali ambao hakuukusudia. "Mama yako hana kosa lolote. Yeye alikubali, ni mimi niliyekataa. Nataka ulielewe hilo vizuri. Ukirudi nyumbani leo, usimnunie."

"Wewe unanikataa, halafu unamtetea mama yangu?"

"Ndiyo."

Mpima alimtazama kwa muda, akimkagua kama anavyokagua kiwanja chenye mipaka isiyoingia akilini. Binti Miwani akayastahimili macho hayo. Kama angeyakwepa, Mpima angeujua uongo, na kama angeujua uongo angeuchimba mpaka afike kwenye kile chumba kilichofungwa.

"Kwa hiyo ni jina tu," Mpima alisema. "Miezi tisa, mimi na wewe, na tunaachana kwa sababu ya jina."

"Jina tu."

"Sikukudhania mtu wa namna hiyo, Miwani."

"Najua."

Mpima alikaa tena kwenye benchi, viwiko magotini, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa. Binti Miwani alitamani auweke mkono kwenye kisogo kile, mara moja tu. Akauingiza mfukoni, akageuka, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi jambo. Nyuma yake hakuitwa. Alikuwa amejiandaa kuitwa, na mpaka anafika barabarani alikuwa bado anasikiliza.

*

Wiki mbili baadaye alihamia tawi jingine la duka lile, upande wa pili wa mji. Mama yake Mpima alipata fundi mwingine wa miwani. Mpima, kwa alivyosikia, aliomba kazi za mbali, zile za miezi sita sita, na akapewa.

Shangazi alimkasirikia kwa muda mrefu.

"Nilikwambia liache," alirudia. "Umefanya ugumu kwa ajili yangu, na mimi sikukuomba."

"Nilishindwa, shangazi. Nisamehe."

Ilikuwa alasiri, wamekaa kibarazani, wanakunja mashuka yaliyokauka, mmoja huku na mwingine kule, wakikutana katikati na kuachana. Shangazi alinyoosha pindo, akasema kama anayezungumza na shuka:

"Kule kwao, hawakuwahi kukwambia lolote kuhusu yule mzee? Alivyokufa?"

Binti Miwani alinyoosha pindo la upande wake.

"Walisema alilala tu."

"Hakuteseka?"

"Hakuteseka."

"Wala hakuna alichosema mwishoni? Wagonjwa wengine husema."

Jibu lilikuwa hapo, limefika kwenye meno. Lingemtosha shangazi uzee wake wote. Aliuona uso ule mkavu umeinuka kidogo, ukingoja, na kwa mara ya kwanza akamwona shangazi kama msichana mbele ya mashine ya chapa, mkono ameunyoosha.

"Hakuna, shangazi. Sijasikia."

Shangazi alitikisa kichwa polepole, akazichukua ncha mbili za shuka kutoka mikononi mwa mpwa wake, akazilinganisha na zake.

"Basi alinisahau," alisema. "Afadhali. Nilikuwa naogopa nisije nikawa nilimsumbua."

Akachukua shuka jingine kwenye kapu, akampa ncha zake.